Historia ya Mwinjilisti Kornelio Lugendo, Aliyeitwa Mfukua Makaburi

Ndugu waombolezaji, baba kasisi, wazee wa kanisa, majirani wa Munisagara na ninyi mliotoka Mikumi alfajiri, familia imenituma mimi, Gerald, mpwa wa marehemu, niyasome maisha yake, nami ninaomba masikio yenu, ingawa yamo hapa masikio ambayo tuliyaomba miaka mitatu tusiyapate.

Marehemu Kornelio Lugendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika milima ya Ukaguru, mtoto wa tatu wa Mzee Tomasi na Mama Costancia, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1947 hadi 1954, mahali alipojifunza Kiingereza kwa fimbo na Biblia kwa mapenzi, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu akikosa kitabu husoma hata karatasi iliyofungia chumvi.

Alimaliza mafunzo ya uinjilisti mwaka 1960, akapangiwa mtaa wetu huu wa Munisagara Januari 1961, na tarehe 20 Julai 1963 alifunga ndoa na Filomena, huyu aliyekaa mkekani mbele yenu, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia kwa surua mwaka 1971, watatu wapo, Imani akiwa kitinda mimba. Mwaka 1989 alihamishiwa Mikumi, na huko ndiko msiba wa leo ulikoanzia, kwa hiyo nikisoma polepole msinihimize.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mnaikumbuka, mitumba ilishuka kwa marobota, nyumba za wageni zikaota kando ya barabara kuu kama uyoga, wahubiri wakaja na jenereta na vipaza sauti kuuza miujiza, na hakuna mzee wa kanisa aliyemuuliza yeyote kitu. Juni 1994 mtaa ulipokea sanduku la vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, marehemu akakuta humo kitabu kimoja kuhusu maandiko ya Wakristo wa mwanzo, yaliyokaa ardhini Misri zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, mpaka mkulima mmoja aliyekuwa akichimba udongo wa mbolea alipogonga mtungi ulioyaficha.

Hakuwahi kuyaita Biblia, na hilo tunalisema mbele ya jeneza lake, alisema ni sauti za ndugu zetu wa kale ambao nao walimtafuta Mungu wakagombana kama sisi. Kila Jumatano alasiri aliwatafsiria waumini kidogo kidogo, na kilichomkamata moyo ni kwamba miongoni mwa Wakristo wale walikuwapo wanawake waliofundisha, na walikuwapo walioamini kwamba Mungu hutafutwa kwa kuuliza. Kulwa, mke wa Jilala mfugaji, aliyekuwa na miaka minne katika kanisa lile bila kuitwa kuomba hata sala ya kufunga, siku moja aliuliza kama wanawake wale nao waliambiwa wakae nyuma na midomo yao, marehemu akacheka, akamjibu kwamba waliambiwa, ndiyo maana maneno yao yalihitaji mtungi. Kuanzia Jumatano ile Kulwa aliomba kwa sauti, na wakulima na wafugaji waliokuwa wamenuniana kwa ajili ya mahindi kuliwa na ng'ombe wakaanza kuketi benchi moja.

Kilichomponza ni neno moja tu. Jumapili tarehe 4 Agosti 1996 alitangaza kanisani kwamba angesoma maandiko yaliyofukuliwa Misri, mengine makaburini, na kwetu, ndugu zangu, kinachofukuliwa kaburini si habari njema. Mzee Cleopa, mzee wa kanisa kule Mikumi, ambaye yupo hapa na tunamshukuru kwa kuja, alitoka na neno hilo hadi sokoni, likarudi jioni limeota pembe, kwamba mwinjilisti anasoma vitabu vya maiti. Wiki mbili baadaye fisi kutoka hifadhini alifukua kaburi la mtoto mchanga, askari wa wanyamapori akaonyesha nyayo, kila mwenye macho akaziona, lakini fisi hana cheo cha kuvuliwa.

Tarehe 8 Septemba 1996 marehemu aliitwa mfukua makaburi mbele ya mke na watoto wake, akavuliwa uinjilisti, akatengwa na Meza ya Bwana, kitabu kikaenda kuchomwa jikoni kwa Mzee Cleopa, nasi tuliambiwa ugali wa siku ile uliiva vizuri. Marehemu alisema tu kwamba hata Misri kurasa nyingine ziliishia kwenye tanuri la mama yake yule mkulima, na kuni ni kuni.

Alirudi hapa Munisagara, akalima mahindi na ufuta, na kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, wengine wakienda mezani yeye akabaki ameshika kofia. Sisi tuliona, tukaumia. Cheo hakukitaka tena, alitaka kipande kile cha mkate.

Machi 1999 alianza kuumwa ini, akalazwa Kilosa, na Filomena alikwenda mara tatu kwa viongozi kuomba mumewe apewe ushirika kitandani, mara ya kwanza akaambiwa kikao hakijakaa, ya pili akidi haikutimia, ya tatu Mzee Cleopa yuko safarini. Marehemu alifariki juzi, Jumanne tarehe 3 Agosti 1999, alfajiri, bila mkate wala divai. Kikao kilikaa jana, akidi ikatimia, kikamsamehe, ndiyo maana leo mmesikia kengele.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni, wainjilisti wenzake waliokuja kumwona, hata wale waliokuja gizani, na Kulwa na Jilala, waliotoka Mikumi kila wiki na maziwa.

Ukoo nao umekaa, na akidi ilitimia. Tumeamua chepe la kwanza la udongo apewe Mzee Cleopa, aliyetufundisha maana ya kufukua, sasa atuonyeshe na kufukia, ashindilie vizuri, maana yale yaliyofukiwa Misri yalitoka yakiwa bado yanasema. Sala ya kufunga ataomba Kulwa, kwa sauti.

Pumzika kwa amani, Mwinjilisti, kwenye meza usiyohitaji kikao kuifikia.