Fomu Mia Sita na Kumi na Mbili za Profesa Breda

Ndugu wa ukoo, majirani wa Dolnji Brest, wanafunzi wa marehemu, na ninyi mliosafiri asubuhi hii kutoka kitivoni Maribor, mimi ni Ciril Jamnišek, mdogo wake wa pekee, mkata ngozi aliyeachishwa kazi kabla ya umri wa kustaafu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, Profesa Breda Jamnišek, kama yalivyokuwa. Jana nililetewa kutoka kitivoni maisha yake mengine, yamekwisha kuandikwa na kupigwa chapa, kurasa mbili safi, nikiombwa niyasome tu bila kujisumbua, nami nawashukuru waliojisumbua kwa ajili yangu, lakini haya ninayoyasoma nimeyaandika kwa mkono wangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba iliyo nyuma ya stesheni yetu, akiwa mtoto wa kwanza wa Alojz Jamnišek, mfanyakazi wa reli, na Terezija, ambaye wengi mlimwita Rezika, karani wa baraza la wafanyakazi katika kiwanda chetu cha viatu, baraza lile ambalo zama za Yugoslavia lilipiga kura hata juu ya mshahara wa mkurugenzi. Ni lazima nimtaje mama kwa kirefu, kwa sababu kila fomu iliyokuja kutoka mji mkuu, Ljubljana, kuwauliza wafanyakazi maoni yao, mama aliijaza mwenyewe kwa niaba ya wote, juu ya meza ya jikoni, supu ya uyoga ikichemka, dada yangu akimpokeza karatasi moja baada ya nyingine, na siku Breda alipomuuliza kwa nini asiwapelekee wenyewe, mama alijibu bila kuinua kichwa, "We mtoto, nikimsubiri Štefka aione miwani yake na Franc alevuke, fomu hizi zitafika Ljubljana na theluji ya mwakani." Hakuna aliyeona dhambi katika jambo hilo, maana ndivyo ilivyofanywa kila kiwanda, na watu walimshukuru mama kwa kuwaondolea kero.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia Septemba 1955, akaendelea na sekondari Maribor mwaka 1963, akaingia chuo kikuu Ljubljana mwaka 1967 kusomea uchumi, na tarehe 9 Juni 1983 alitunukiwa shahada ya uzamivu kwa tasnifu yake juu ya mshahara wa mkurugenzi na ari ya kazi, mada ambayo baba yetu aliieleza kwa majirani kwa ufupi wake, "Binti yangu anasomea kwa nini bosi analipwa, akijua atatuambia."

Tarehe 18 Mei 1974 alifunga ndoa Maribor na Rado Vidic, mwalimu wa hisabati, mtu mpole aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, nao walijaliwa watoto wawili, Neža, aliyezaliwa mwaka 1977, na Gašper, aliyezaliwa mwaka 1980, ambao wote wawili wamesimama hapa kando yangu, na yote ninayoyasema wameyasoma na kuyaridhia.

Aliajiriwa kitivoni mwaka 1972 akiwa msaidizi, akapanda ngazi moja moja, bila kubebwa na mtu wala kumkanyaga mtu, hadi akawa profesa kamili mwaka 1994. Mwaka uliofuata, nchi ikiwa changa, imetoka juzi tu Yugoslavia, na viwanda vikibadilisha wenyewe, alisambaza hojaji katika kampuni thelathini na nane, akitaka kujua kama mkurugenzi akiongezewa malipo kulingana na faida, wafanyakazi walio chini yake nao hupata ari na imani, au hupata kinyongo tu, na makala yake, iliyochapwa Machi 1997, ilisema kwamba ari hupanda. Fungu kubwa kuliko yote lilitoka kiwanda chetu, fomu mia sita na kumi na mbili, zote zimejazwa, hata moja haikupotea, na dada yangu, ambaye angempigia simu mwanafunzi saa ya chakula kwa sababu ya koma moja, hakujiuliza ni wapi duniani watu mia sita na kumi na mbili huulizwa swali na wote wakajibu.

Makala hiyo ilimpa jina. Alialikwa Vienna, alialikwa Trieste, mawaziri walimnukuu, na bodi za kampuni, ambazo kabla ya hapo ziliona haya kidogo, sasa zilikuwa na sayansi ya kuegemea. Mwaka 1998 bodi ya kiwanda chetu iliweka nakala ya makala hiyo mezani, ikamwongezea mkurugenzi wetu, Bwana Silvo Pregarc, mshahara mara tatu, pamoja na zawadi ya kila mwaka iliyofungwa kwenye faida, na Bwana Pregarc, ambaye namwona amesimama pale chini ya mnara wa kengele, alipata ari kweli kweli, akaipandisha faida kwa njia iliyokuwa fupi kuliko zote, akaifunga idara ya ukataji tarehe 30 Septemba 1999, tukatoka langoni watu mia mbili na kumi na wanne, kila mmoja na kisu chake cha kazi ndani ya mfuko wa koti.

Jumapili iliyofuata, tarehe 3 Oktoba, dada alikuja kula nasi, akaniona nilivyo, akadhani atanifariji kwa kuniambia kwamba hali hii haieleweki, kwa kuwa wafanyakazi wa kiwanda chetu walikuwa wenye ari kuliko wote katika utafiti wake, nami nikamwambia, "Utafiti gani, dada? Mimi sijaona karatasi yoyote," naye akasema, "Acha utani, Ciril, idara yenu ilijibu yote," nikamjibu maneno ambayo sitayasahau, "Basi kamuulize Marica wa ofisi ya watumishi, labda yeye anajua nilivyokuwa na furaha." Alikwenda kesho yake. Marica, ambaye ni marehemu sasa na hakuwa mtu mbaya, alimkaribisha kahawa na kumwambia, "Profesa, umesahau? Mama yako ndiye aliyenifundisha. Na nilikujazia vizuri, wote wameridhika, ningewaaibishaje watu wangu mbele ya chuo kikuu?"

Sitaficha kwamba nilimchukia. Miaka minne sikukanyaga nyumbani kwake, na Krismasi tano keki yake ya jozi nilimrudishia ikiwa nzima, hadi tuliposhikana mikono juu ya jeneza la mama, Januari 2004, na hata hapo tulizungumza kwanza habari za barabara na theluji. Ila nilichokuwa sikijui wakati ule ni kwamba Januari 2000 alikuwa ameketi na fomu zile, akaziondoa katika hesabu zake, akaona matokeo yote yanaporomoka kama ukuta uliokosa msingi, akaandika sahihisho la nusu ukurasa na kulipeleka kwenye jarida, mhariri akamrudishia akisema wasomaji hawana hamu ya jambo lililokwisha kufanyiwa kazi. Alilipeleka tena mwaka 2003, tena 2008, tena 2013, mwaka aliostaafu, na mkuu wa kitivo wa siku hizo alimwita akamwambia kwa upole, "Breda, mwenzangu, ukiling'oa jiwe hilo utatuangushia nyumba, na sote tunalala humo." Kila mwaka alifungua somo lake la kwanza kwa kuwaeleza wanafunzi kosa lake, wanafunzi wakacheka, wakafaulu mtihani, wakaajiriwa na bodi, wakainukuu makala.

Marehemu aligundulika na saratani ya kongosho tarehe 6 Novemba 2022, akalazwa hospitali Maribor mara tatu. Tarehe 2 Februari mwaka huu, akiwa hawezi tena kushika kikombe, alitembelewa na mkuu wa kitivo wa sasa, Daktari Tilen Ozimek, aliyeleta maua na hati ya kuanzisha tuzo ya uongozi na ari kwa jina la dada yangu, kwa heshima ya makala ile, kwa fedha za Bwana Pregarc, na dada alimuuliza kama sahihisho litachapwa, Daktari Ozimek akasema, "Hayo tutayaona baadaye, Profesa, kwanza saini hapa," naye akasema kwa sauti ambayo Neža alilazimika kuinama aisikie, "Weka kalamu yako, Tilen, mimi nimekwisha kuona mtu akimjibia mwenziwe." Alifariki siku ya Jumapili, tarehe 19 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, na kwenye tangazo la gazeti la jana kitivo kimeandika kwamba tuzo itaanza vuli, kwa ridhaa ya familia.

Familia haikuulizwa. Familia inajibu sasa, Neža, Gašper na mimi, kwamba ridhaa hiyo haipo, na kwamba jina la dada yetu halitawekwa juu ya malipo ya mtu yeyote. Na kwa kuwa hakuna jarida lililokubali kulibeba, nalisoma hapa sahihisho lenyewe, kama alivyoliandika: "Hojaji mia sita na kumi na mbili za kiwanda cha viatu cha Dolnji Brest hazikujazwa na wafanyakazi. Zikiondolewa, makala yangu haithibitishi kwamba malipo makubwa ya mkurugenzi huwatia watu wake ari. Nilipaswa kujua, kwa kuwa nilikulia nyumba ambamo fomu zilijazwa. Kosa ni langu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hasa yule dada wa zamu ya asubuhi aliyemsomea barua zake, tunawashukuru majirani waliomkatia kuni baada ya Rado kuondoka, na wanafunzi wachache waliokuwa wakimwandikia bila kutaka barua ya pendekezo. Wenzake wa kitivoni tunawashukuru kwa shada la maua, hati yao wataichukua langoni. Waliokuwa idara ya ukataji wanakaribishwa nyumbani kwa chakula, wengine tunawatakia safari njema.

Pumzika sasa, dada. Limesomwa.