Mzee Jethro Ogari na Makopo Saba ya Filamu ya Kichina

Marehemu Mzee Jethro Ogari alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Gesima, kifungua mimba wa Mzee Nyangate. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, karo ikakosekana.

Mwaka 1957 aliajiriwa mjini Kisii na Bwana Subhash, mwenye jumba la sinema, akafundishwa kuendesha mashine. Mwaka 1959 alimwoa Bitutu, ambaye ni mimi niliyeandika haya anayowasomea mwanangu Mose. Yeye alikaa Kisii, mimi Gesima nikichuma chai. Alikuja mwisho wa mwezi, na pengine hakuja. Sabato nilienda kanisani peke yangu.

Mwaka 1972 ililetwa filamu ya Kichina iliyoongozwa na mwanamke, jambo lililokuwa nadra kwao. Watu walijaa wakitarajia ngumi. Wakaona mama anayemngoja mumewe, basi. "Karate iko wapi?" walipiga kelele, wakatoka. Jethro alibaki akilia. Wenye filamu hawakurudi kuichukua. Sinema ilipofungwa mwaka 1985, Bwana Subhash alimwambia, "Jethro, wewe chagua kitu moja, peleka nyumbani." Nilikuwa nimemtajia cherehani ya Mama Padma, mke wa tajiri wake. Akaleta makopo saba ya filamu, akayaweka chini ya kitanda chetu. Nilimwonea wivu mama yule wa Kichina, na aliyemtengeneza pia; nasema wazi mbele ya mchungaji. Mimi nilingoja miaka ishirini na sita na hakuna aliyenililia. Mara mbili nilikusudia kuyachoma.

Mwaka 1996 Gautam, mwana wa Bwana Subhash, alileta wageni kutoka Nairobi waliokuwa wakiitafuta filamu hiyo. Walisema nakala nyingine zote zimepotea. Kabla ya kuichukua waliionyesha ukumbini Nyamira, nikaitazama kwa mara ya kwanza. Mama yule alichambua mboga, akiinua kichwa kila mbwa alipobweka. Ni mimi kabisa. Wageni walipiga makofi. Nikamwuliza Jethro, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ningekuambia, ungejua kwamba nilijua ulivyokuwa ukiningoja."

Usiku huo nilitandika mkeka wangu jikoni.

Alianza kuugua kisukari mwaka 1994, akakatwa mguu, akafariki tarehe 9 Agosti 1998 hospitalini Kisii, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja na nduguye Abner.

Pumzika salama, Jethro. Sasa zamu ya kungoja ni yako.