Ufunguo wa Kabati la Sindano

Shangazi ameitumikia saluni yetu kwa miaka ishirini na sita na miezi minne. Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni, atavua aproni yake ya kijivu na kustaafu. Wafanyakazi wameniomba mimi, binti wa msusi wa kiti cha pili, niandike wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe, kwa sababu wao wenyewe wakianza kuandika watalia kabla ya kufika aya ya pili. Nimeandika yale tu niliyoyaona, au niliyosimuliwa na zaidi ya mtu mmoja.

Jina hilo la Shangazi lilianza kwa haki kabisa, maana mwenye saluni ni mtoto wa kaka yake. Baadaye wasusi walilidaka, kisha wateja, na siku hizi hata mzee anayetuletea maji ya kunywa, ambaye amemzidi umri, humwita Shangazi na kumwamkia shikamoo. Yeye humwitikia marahaba bila aibu.

Alipoanza kazi alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Alikuwa ametoka kuugua ugonjwa mrefu uliomwondolea nywele zote. Za kichwani zilirudi. Za nyusi hazikurudi. Tangu hapo kila asubuhi alizichora kwa penseli mbele ya kioo cha bafuni. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwona akijipangusa paji la uso, hata siku ambayo feni iliharibika. Kwenye harusi na misiba alishika leso chini ya macho tu, akiigandamiza polepole kama mtu anayekausha wino.

Alijifunza kuchora nyusi za kudumu, yaani zile za rangi inayoingizwa kwenye ngozi kwa mashine ndogo, ili mwanamke mwingine asilazimike kuamka mapema kuliko wenzake kuutafuta uso wake. Jumatatu asubuhi aliitenga kwa waliotoka kuugua. Siku hiyo redio ilipunguzwa sauti na pazia la chumba chake halikufunguliwa ovyo.

Wengi wetu tulidhani ufundi wote uko mkononi. Yeye alisisitiza kuwa nusu ya kazi huisha kabla mashine haijawashwa, pale anapochagua katriji. Katriji ni kichwa kidogo cha plastiki chenye sindano ndani, kinachochomekwa kwenye mashine na kutupwa baada ya mteja mmoja. Katika kabati lake zimo za sindano moja, za sindano tatu zilizofungamana, na nyingine pana, zenye sindano zilizojipanga kama meno ya kitana. Hakuchagua kwa kutazama picha ambayo mteja ameileta kwenye simu. Alinawa mikono, akaigusa ngozi kwa kidole gumba, akaivuta kidogo na kuiachia. Ngozi ya mafuta hakuichorea vinywele vyembamba, kwa kuwa baada ya muda hutawanyika na kubaki kivuli. Kisha aliichana pakiti mbele ya mteja, baada ya mteja mwenyewe kusoma tarehe ya mwisho kwa sauti. Aliyesahau miwani aliazimwa ya Shangazi.

Kila boksi jipya lilipita kwenye mtihani wake wa pamba. Alitoa katriji moja, akaiburuta ncha yake juu ya kipande cha pamba, na uzi mmoja tu ukinaswa, boksi zima lilirudishwa. Muuza vifaa mmoja aliwahi kuja akisifu bidhaa zake mpaka chai ikapoa. Shangazi alimsikiliza kwa adabu, akaigeuza katriji yake juu chini na kudondoshea rangi kwenye ncha. Rangi ikapita moja kwa moja na kutokea nyuma, kwa sababu ndani hapakuwa na kile kiwambo cha mpira kinachozuia uchafu kuingia kwenye mashine. Yule bwana alifunga mkoba wake akaondoka. Mwezi uliofuata alirudi na katriji nzuri, na pamba yake mwenyewe mfukoni.

Miaka minne iliyopita alikuja mwanafunzi wake wa mwisho, dada mchangamfu ambaye Shangazi alimbatiza jina Haraka siku ya kwanza, alipomaliza kupanga trei kabla hajaambiwa ipangweje. Haraka alikuwa na mkono mzuri kuliko wote waliomtangulia. Katika mwezi wake wa tatu alimhudumia mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini. Kwa kumwonea huruma, alimchagulia sindano nyembamba kuliko zote kabatini. Ngozi ya mwalimu, laini kama karatasi ya kufungia sabuni, ilianza kukatika mistari midogo na kutoa damu.

Shangazi aliisimamisha mashine kwa kuweka mkono wake juu ya mkono wa Haraka. Alimsafisha mwalimu, akamwomba radhi, na kumweleza kuwa kosa lilikuwa lake yeye aliyeacha trei bila kuikagua. Walisubiri miezi miwili ngozi ipone, kisha akamaliza kazi kwa katriji ya sindano tatu, kwa nukta nyepesi, na mwalimu akaondoka akitabasamu. Siku ile ya kosa, Haraka alijifungia stoo na kulia. Shangazi aliingia na kipande cha sabuni na uzi wa kushonea. Alipitisha uzi, sabuni ikagawanyika. Akagandamiza kidole, sabuni ikabonyea tu. Alimwambia, "Mwanangu, wembamba si upole." Hakulirudia somo hilo tena.

Lakini Haraka aliogopa. Kwa zaidi ya miaka mitatu alichora vizuri sana, ila kila alipokuja mteja mwenye umri mkubwa alipeleka trei kwa Shangazi ili amchagulie katriji. Mama yangu alimtania kuwa ameolewa na lile kabati lakini mahari amelipa Shangazi. Tulicheka, naye alicheka, na kesho yake alipeleka trei tena. Ilipotangazwa kuwa Shangazi anastaafu, utani uliisha. Mwenye saluni alianza kufikiria kukifunga chumba kile, na wale wa Jumatatu wakaanza kuuliza waende wapi.

Wiki sita zilizopita, baada ya mteja wa mwisho kuondoka, Shangazi aliingia chumbani kwake na kunawa uso kwa sabuni. Alipotoka, wengi wetu tulikuwa tunamwona bila penseli kwa mara ya kwanza. Tulizoea kumuuliza kwa nini hajichoreshi nyusi, naye alijibu kwamba mganga hajigangi. Siku hiyo alirudi chumbani, nasi tukasimama mlangoni, akapanda kitanda cha wateja, akalala chali, akaziba macho kwa kitambaa cheupe, na kumwambia Haraka neno moja: "Chagua."

Haraka alisimama mbele ya kabati mpaka mama yangu akataka kumfuata. Kisha alirudi kitandani, akanawa mikono, akamgusa Shangazi upande wa kushoto, halafu wa kulia, halafu wa kushoto tena. Alisoma tarehe kwa sauti, kwa kuwa mteja alikuwa ameziba macho. Tukasikia pakiti ya kwanza ikichanika. Tukasikia na ya pili. Shangazi hakuwahi kutumia katriji mbili kwa mtu mmoja, na sote tuliona midomo yake ikifunguka. Ikafungwa.

Kazi ilichukua saa mbili. Alipoinuka alijitazama kiooni kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini mbili. Haraka alijibu kwa sauti ndogo kwamba upande wa kulia, chini ya mstari wa penseli, kuna kovu la zamani lenye ngozi ngumu, na katriji iliyofaa kushoto isingeshika rangi pale. Shangazi alipapasa mahali hapo kwa kidole gumba. Alianguka ngazini akiwa na miaka sita, na alikuwa amelisahau. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa ufunguo wa kabati, akauweka kwenye trei ya Haraka, kati ya pakiti mbili tupu.

Chumba hakitafungwa. Jumatatu iliyopita Haraka alimhudumia mama wa miaka sitini na minane, na trei haikupelekwa popote.

Shangazi, kwa niaba ya wote waliokaa kwenye viti na vitanda vya saluni hii, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa macho yako. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na penseli, na wageni wengi mlangoni, na sisi tutakuwa wa kwanza. Leo hotuba zitakuwa ndefu na leso zitapitishwa. Jipanguse uso wote unavyotaka. Nyusi zako hazifutiki.