Nakhle Butros Kasis (1957–2025): Kikombe Kilichopoa Abu Qash

Wengi mlimjua Nakhle kwenye televisheni, tai shingoni na nywele zimelazwa. Birzeit ilimjua kabla hajavaa viatu. Alizaliwa hapa hapa tarehe 2 Novemba 1957, mtoto wa kwanza wa Butros Kasis, fundi wa kuchonga mawe, na mkewe Wadia. Ulikuwa msimu wa kuvuna zeituni, na mkunga alifika akitokea kinuni, mikono imejaa mafuta. Mpaka anakufa, Bi Wadia alishikilia kwamba ndiyo sababu mtoto huyo hakushikika. Miaka minne baadaye akazaliwa dada yake, Hilwe, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Alianza masomo katika shule ya parokia mwaka 1963. Alikuwa hodari wa lugha, na hesabu alizikimbia kama deni. Juni 1967 vita vilipokwisha na askari wapya wakasimama njia panda, redio ya baba yake ilikuwa miongoni mwa chache zenye betri. Nakhle, mtoto wa miaka tisa, akawa anazunguka nyumba hadi nyumba kuwasimulia wazee yaliyotangazwa. Siku moja akaongeza la kwake, kwamba shule zimefungwa moja kwa moja. Watoto wakashangilia mtaa mzima. Baba yake alipojua hakumchapa. Alimrudisha kila mlango aseme, "Nilichosema jana hakikuwa kweli." Nakhle alipenda kusema kwamba hayo ndiyo masahihisho yake ya kwanza, na kwamba yaliyofuata yote yalikuwa rahisi. Haikuwa hivyo, kama mtakavyosikia.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Birzeit mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaajiriwa na gazeti moja la Yerusalemu Mashariki. Enzi hizo kila habari ilipita kwanza kwa mkaguzi wa jeshi. Wakati mmoja makala yake ilirudi imefutwa yote, na mhariri, kwa ukaidi, akaliacha pengo jeupe ukurasani, jina la Nakhle likiwa juu yake. Bi Wadia alikata lile pengo akalitundika sebuleni. Mgeni akiuliza, alijibu, "Hapo ndipo alipoandika mwanangu. Soma."

Alifunga ndoa na Nadira Saliba Jumapili tarehe 15 Septemba 1985, na ndoa hiyo nusura ikwame kwenye kikombe. Kila aliye hapa anajua kwamba mwenye ombi zito huwekewa kahawa asiinywe mpaka mwenye nyumba amkubalie. Wazee wa Kasis walipokwenda kuposa, ami yake Nakhle, Salim, alikuwa ametembea juani. Kikombe kilipowekwa tu, akakibugia chote, akafuta masharubu, kisha ndipo akafungua mdomo kuposa. Mzee Saliba, baba yake Nadira, akainua mkono.

"Umeshakunywa, Salim. Maana yake huna shida na mimi. Karibuni siku nyingine."

"Nilikuwa na kiu, bwana!"

"Kiu yako si binti yangu."

Ikabidi watoke wote mpaka barabarani, wabishe hodi upya, wapikiwe kahawa upya. Nadira alikuwa nyuma ya mlango, anacheka mpaka machozi. Nyumba yao ilibarikiwa watoto wawili, Butros na Lamis, na tangu wa kwanza azaliwe Nakhle akaitwa Abu Butros.

Mwaka 1996 alijiunga na Shabaka ya Habari ya Sanobari, yenye makao Amman, akiwa mwandishi wake wa Ramallah. Hiyo ndiyo miaka aliyokuwa na furaha. Alikuwa na vumbi viatuni na sigara sikioni, na pembeni yake alikuwapo Ribhi Hamdan, mpiga picha kutoka Abu Qash, kijiji cha jirani. Nakhle ndiye aliyemfundisha kazi. Ribhi alikula kwa Nadira mara nyingi kuliko kwa mama yake, na mama yake, Umm Ribhi, alikuwa akilalamika mbele za watu kwamba Wakristo wa Birzeit wamemwibia mtoto kwa majani ya zabibu yaliyojazwa wali. Mwaka 2001 Nakhle akapandishwa kuwa mkuu wa habari, akahamia Amman. Cheo kilimheshimu, ila kilimkalisha kitini, mbali na wale aliokuwa akiwatuma.

Aprili 2002, vifaru vya jeshi vilipokuwa mijini, Ribhi alikuwa juu ya paa huko Nablus, akirusha picha moja kwa moja. Sanobari ilikuwa peke yake na picha ile. Dunia nzima ilikuwa inaichukua kwake. Nakhle alikuwa Amman, simu sikioni.

"Abu Butros, nina ya kutosha. Nashuka."

"Baki kidogo. Picha ni nzuri."

Ribhi akacheka. "Haya bwana. Kwa ajili yako."

Alipigwa risasi moja. Kamera ilianguka kiubavu lakini haikuzimika. Iliendelea kuonyesha tangi jeusi la maji, kamba ya nguo na shati la mtoto, mpaka betri ikaisha. Nakhle aliitoa picha ile hewani mara moja, lakini yeye mwenyewe alisimama mbele ya kioo cha televisheni akaitazama hadi mwisho. Tangu siku hiyo, simu ikikatika hakuiweka chini. Aliishika sikioni, akisikiliza mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alipokuja likizo, Nadira ilibidi afunge mapazia ya upande wa jirani, kwa sababu huku kwetu kila paa lina tangi.

Sanobari ilimwita Ribhi shujaa, na mkuu wake wa habari ikamwita jasiri. Hakuna mwingine aliyesikia maneno yale mawili kwenye simu. Angeyazika. Badala yake, arobaini ya Ribhi ilipowadia, alivuka daraja la Mto Yordani akaja, akatembea kwa miguu mpaka Abu Qash. Chumba kilikuwa kimejaa wanaume. Kahawa ikaletwa, Nakhle akaweka kikombe chini. Watu wakadhani amekuja kumwomba mama akubali nishani ya shabaka.

"Umm Ribhi," alisema, "alitaka kushuka. Mimi ndiye niliyemwambia abaki. Nimekuja kukuomba unisamehe."

Mjomba wake Ribhi alisimama. Umm Ribhi akamwambia, "Kaa." Kisha akamgeukia mgeni.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ungenyamaza. Umejitua mzigo, umenitwisha mimi."

"Sikujitua, Umm Ribhi. Nimeona ni haki yako kujua."

Mama yule alikitazama kikombe. "Kahawa yako inapoa, Abu Butros."

"Ipoe."

Ikapoa. Umm Ribhi akaichukua, akaimwaga kwenye chungu cha mrehani dirishani. "Leo siwezi," akasema. "Lakini sikukufukuza."

Kwa vile hakufukuzwa, alirudi. Kila alipokuja nyumbani kutoka Amman, kabla hajafungua mkoba, alikwenda Abu Qash. Umm Ribhi alimpikia kahawa mpya kila mara, akamuuliza hali ya Nadira na watoto, akamsimulia ugomvi wa majirani, na kikombe kikapoa, na mrehani ukanyweshwa. Watu wa Abu Qash hawana dogo. Walipomwona akipanda kilima na suti yake walisema, "Mkurugenzi huyo, anakuja kumwagilia mrehani." Naye alicheka nao, kisha akarudi Birzeit akalala kitandani na nguo zake zote.

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Nakhle alijikwaa ulimi, na tangu hapo maneno yale mawili hayakutoka tena kinywani mwake, hata pale adabu ilipomtaka ayaseme. Mnajua desturi yetu. Mgeni akisimama kuaga, mwenye nyumba husema bado mapema, baki kidogo, kaa unywe kimoja cha mwisho. Nakhle hakusema. Mgeni akisimama, yeye alisimama naye na kumfungulia mlango. Mkamwita mwenye maringo. Mkasema Amman imemharibu, kwamba amechoka na sisi. Wengi mliosema hivyo mko hapa, na Hilwe alikuwa mmoja wenu. Nadira peke yake ndiye aliyejua kwa nini hakuyasema, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akikimbilia kusema yeye: "Mbona mapema? Kaeni jamani."

Mwaka 2005 aliteuliwa mkurugenzi mkuu wa Sanobari. Kwa miaka kumi na mitatu aliiongoza, ikakua, ikafungua ofisi katika miji ambayo baba yake hakuwahi kuisikia. Mengine yameandikwa na wengine. Familia inataka likumbukwe moja. Aliweka amri kwamba aliye studio hana ruhusa ya kumwomba aliye uwanjani aendelee. Akisema nashuka, anashuka, hata kama rais wa nchi anapita chini yake. Mjumbe mmoja wa bodi alimwambia mezani kwamba washindani wanawashinda.

"Wenzetu walibaki, wakapata picha. Watu wetu waliondoka!"

"Walifika nyumbani?" Nakhle aliuliza.

"Nani?"

"Watu wetu."

"Walifika, lakini..."

"Basi tuendelee na ajenda inayofuata."

Alistaafu mwaka 2018, akarudi kwenye nyumba ya baba yake. Miaka hii miwili ya mwisho hakuwa mtu wa kukaa naye kirahisi. Tangu vita vya Gaza vianze, jina la mwandishi mwingine aliyeuawa likawa linatajwa, na mwingine tena. Aliketi mbele ya televisheni, na mwandishi akionekana mahali pa wazi, yeye alisogea ukingoni mwa kochi na kumwambia kioo, "Shuka, mwanangu. Inatosha. Shuka." Mara nyingine Hilwe alimkuta akisema hivyo na televisheni imezimwa.

Januari 2024 madaktari wa Ramallah walimkuta na saratani ya mapafu. Sigara aliacha siku hiyo hiyo, akasema amechelewa lakini amefika. Alitibiwa kwa uvumilivu. Kilichomuumiza zaidi ya dawa ni kwamba kufikia vuli miguu ilikataa kilima cha Abu Qash. Nadira akamshauri atume wazee, kama ilivyo desturi, wakaketi kwa Umm Ribhi na vikombe vyao chini, wamwombee.

"Siwezi," alisema. "Wazee wakimwekea vikombe, ataona haya kuwakatalia. Sitaki anisamehe kwa haya."

"Na ukifa hujasamehewa?"

"Nitakufa sijasamehewa, Nadira. Ribhi alikufa hajaoa."

Hilwe aliingia jikoni akalia, na hakumwambia mtu mpaka leo.

Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, Ramadhani ikiwa bado changa, gari lilisimama nje alasiri. Alishuka Umm Ribhi, ameshikwa mkono na binti yake Intisar, na kwapani ana chupa ya kahawa. Hakuwahi kukanyaga nyumba hii tangu amzike Ribhi. Aliingia chumba cha mgonjwa bila kuonyeshwa njia.

"Nasikia umeacha kumwagilia mrehani wangu."

Nakhle alijaribu kujiinua. "Miguu, Umm Ribhi."

"Lala. Unajifanya kijana." Akaketi, akamimina kahawa kwenye kikombe kidogo alichokuja nacho kwenye leso. Kilikuwa kile kile alichomwekea miaka yote, kina ufa kando ya mkono. "Sikusahau. Usije ukadhani nimesahau."

"Sijadhani."

"Kila ulipokwenda, nilikasirika mpaka unarudi. Ukichelewa, nikakasirika kwa nini umechelewa. Nimechoka, Abu Butros. Kunywa."

"Na ombi langu?"

"Ungeambiwaje unywe kama hujapewa? Mimi nimefunga, nimekaa kando ya moto nikinusa kahawa nisiyoweza kuionja. Kunywa, usinitie dhambini."

Hilwe alimshikia kaka yake kikombe mdomoni. Alimeza mafunda mawili. Mengine yalimwagikia shati. Ilikuwa moto bado. Kaka huyu, ambaye hakulia alipozikwa baba wala mama, alilia kama mtoto mbele ya wanawake wanne, naye Umm Ribhi akamfuta kidevu kwa ile leso.

Jua lilikuwa linazama. Umm Ribhi akavuta shali yake, akasimama. Alikuwa anawahi kufuturu, wakwe na wajukuu wanamngoja. Nadira akafungua mdomo kusema bado mapema, kama alivyozoea kumsemea. Nakhle akamtangulia.

"Baki kidogo."

Intisar alishika mkono wa mama yake. Nakhle mwenyewe alionekana ameogopa, kana kwamba maneno yale yalikuwa yamekaa mlangoni miaka yote yakimngoja. Umm Ribhi alisimama amewapa mgongo, akitazama dirishani, ambako mapazia yalikuwa wazi na tangi la jirani linaonekana. Kisha akarudi, akaivua shali, akaketi palepale.

"Haya bwana," akasema. "Nabaki."

Adhana ilipolia, Nadira alileta maji, tende na supu ya dengu, na Umm Ribhi akafuturu kando ya kitanda, akilalamika kwamba supu ya Wakristo siku zote haina bizari ya kutosha. Nakhle alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Alikata roho saa moja kasoro dakika chache jioni ile, na aliyemfumba kinywa ni Umm Ribhi.

Ameacha mjane, Nadira, mwanawe Butros, aliyesafiri kutoka Jacksonville na kuwahi maziko, binti yake Lamis na mumewe Fuad, wajukuu watatu, dada yake Hilwe, waandishi na wapiga picha wa Sanobari, walio hai na walioshuka salama, na Umm Ribhi wa Abu Qash. Mkitoka makaburini, karibuni ukumbini. Kahawa ya leo ameipika yeye mwenyewe, naye amefunga. Msiiache ikapoa.

Na wewe, kaka, kazi imetosha. Picha tumeziona. Shuka sasa, upumzike kwa amani.