Harithi Masoudi, Aliyelifuta Gunia la Heshima

Marehemu Harithi Masoudi Salimu alizaliwa tarehe 12 Machi 1971 katika kata ya Lionja, Nachingwea, mtoto wa tatu wa wakulima wa korosho na ufuta. Alimaliza darasa la saba mwaka 1986. Alipenda hesabu, lakini shamba lilimhitaji.

Mwaka 1995 alihamia Ruangwa, akawa mpagazi kwenye ghala la korosho. Miaka miwili baadaye alimuoa Sabaha, wakajaliwa watoto watatu.

Ghalani kulikuwa na desturi ambayo leo tuiseme wazi. Gunia la mwisho la kila lori, kilo themanini, lilibebwa na mtu mmoja kwa kukimbia, wenzake wakishangilia. Waliliita gunia la heshima. Novemba 2013 Harithi alikimbia nalo, mgongo ukalia. Alificha maumivu kwa wiki tano, kwa sababu aliyelalamika aliitwa bibi harusi. Tabibu alimwambia kwamba angewahi kupumzika angepona upesi. Sasa alikuwa katika hatari ya kubaki mlemavu. Mwaka mzima hakuweza kurukuu. Aliswali ameketi kitini, na Sabaha ndiye aliyemvalisha viatu.

Heshima gani hiyo, ndugu zangu?

Lakini alisimama! Kila asubuhi alifanya mazoezi aliyoelekezwa, na mwaka 2015 akarudi ghalani kuwa msimamizi wa kikosi. Siku ya kwanza tu alilifuta gunia la heshima: kila gunia libebwe na watu wawili, na mwenye maumivu aseme siku hiyohiyo, akae kushona magunia mpaka apone. Edwin, mpagazi mwenzake, akamcheka mbele ya wote: "Kaka Harithi, umekuwa bibi harusi kweli!"

"Bibi harusi anabebwa akiwa mzima, Edwin. Wewe unasubiri ubebwe umevunjika?"

Ghala zima liliangua kicheko. Edwin akashika upande wa pili wa gunia. Tangu siku hiyo, hakuna mpagazi wa kikosi kile aliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo. Hata mmoja!

Mwezi uliopita alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki jana, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi alasiri, baada ya kuusia: "Jeneza langu mpokezane. Sitaki mtu wa kujionesha."

Ameacha mjane, Sabaha. Watoto Asmaa, Abdulkarimu na Samia. Na wajukuu wawili. Wapagazi wake wako hapa, Edwin akiwa mbele. Basi mbebeni kama alivyowafundisha, na atakayechoka aseme. Mwenyezi Mungu aupe mgongo wake pumziko ambalo sisi tulichelewa kumpa.