Swichi ya Mashimo Kumi na Sita: Risala ya Laini ya Chini kwa Mama Kamla

Mgeni rasmi Mama Kamla, mwenye ploti yetu. Mwenyekiti Dalmas na kamati yake. Majirani wa Laini ya Juu mliokuja kutuangalia. Mabibi na mabwana.

UKARIBISHO

Sisi wapangaji wa Laini ya Chini hapa Rhonda tunakukaribisha, mama. Asante kwa kuja kutufungulia intaneti, ingawa umeanzia Laini ya Juu na chai umekunywa huko. Hatuna neno. Tumezoea kuwa wa pili.

Risala hii imeandikwa na Mzee Ndegwa wa nyumba namba saba, aliyefiwa na mke wake Wangare mwaka jana. Mwenyekiti ndiye alimpa kazi. Alimwambia, "Wewe ndiye unapiga kelele kila siku. Basi andika." Ameandika.

HISTORIA

Mwaka huu ulianza vibaya, na fujo za uchaguzi. Januari ukuta kati ya laini zetu mbili za nyumba uliongezwa mawe, na kila upande ukalala ukisikiliza mwingine. Mambo yalipotulia, watoto wetu walio mbali walitaka kuona nyuso zetu, si kusikia sauti tu. Ndipo ukatuletea intaneti ya waya wa simu, moja huku, moja kule, ukasema kifaa cha kugawa kila upande ujinunulie.

Mwezi wa saba kamati yetu ilienda town, dukani kwa Varun. Mzee Ndegwa alienda nao kubeba waya. Juu ya kaunta kulikuwa na vifaa viwili. Rauta ilikuwa ndogo, mashimo manne. Swichi ilikuwa ndefu, ya chuma, mashimo kumi na sita.

"Nyumba zetu ni kumi," mwenyekiti alisema. "Na hii ndogo, sita walale nje?"

"Boss, usihesabu mashimo," Varun alimwambia. "Swichi inagawa waya tu. Rauta ndiyo inagawa intaneti. Mkichukua swichi peke yake atapata mtu mmoja, wengine wangoje."

"Huyu anatuona washamba. Funga hiyo kubwa!"

Kamati ikacheka. Mzee Ndegwa aliinua waya begani. Mtu wa darasa la nne akipinga kamati, ataitwa nani? Lakini risala isiseme uongo: hata yeye macho yake yalikuwa kwa ile ya chuma.

MAFANIKIO

Swichi ipo. Imefungwa ukutani kwa mwenyekiti na taa zake zinawaka kijani kama Krismasi. Waya zimefika nyumba zote kumi. Hayo ndiyo mafanikio.

CHANGAMOTO

Anayewasha kompyuta kwanza ndiye anapata. Na nani huwasha kwanza? Mwenyekiti, kabla hajanawa uso. Sisi wengine tunaangalia taa.

Kule Laini ya Juu, jirani yetu Kosgei alinunua ile rauta ndogo tuliyoicheka. Akachomeka swichi nyuma yake, na nyumba zote zinaingia pamoja. Kumbe hata swichi yetu haina makosa, inataka tu rauta mbele yake. Jioni vicheko vyao vinaruka ukuta. Mama, kicheko cha jirani ni kitamu ukiwa na chako.

Sasa sikia hili. Waithera, binti wa pekee wa Mzee Ndegwa, anasoma Pune, India, pamoja na Jelagat, binti wa Kosgei. Alimwachia baba yake kompyuta ili waonane. Wiki tatu zilizopita alijifungua msichana. Mambo ya baba ya mtoto si ya risala. Jina lilikuja upande wetu, la nyanya yake marehemu. Anaitwa Wangare.

Jumatatu Mzee Ndegwa alikuwa akianika nguo. Chelangat, bibi ya Kosgei, akachungulia juu ya ukuta.

"Mzee, hongera! Jana Jelagat ametuonyesha katoto kwa kompyuta. Paji la uso ni la marehemu kabisa! Kuja kwetu ukaone."

"Nikamwone mjukuu wangu kwa Kosgei?"

"Kwani kwetu kuna chui?"

"Si mmeshamwona? Endeleeni kumwangalia."

Aliingia ndani akafunga mlango, shati likabaki kwa beseni. Majirani wamemwona Wangare kabla ya babu yake, na babu ana waya mpaka kitandani! Watu wanasema ana wivu. Ndiyo, anao. Nani alimpa? Kamati.

MAOMBI

Tunaomba rauta moja, hata kama ni ndogo. Tunaomba pia kamati ikienda dukani tena imsikilize anayejua kazi yake.

Ombi la mwisho ni la leo. Waithera atakaa kwa kompyuta ya Jelagat saa nane kamili, na mtoto mkononi. Sasa ni saa nane kasoro dakika tano. Mwenyekiti amewasha yake tangu asubuhi ili uione ikifanya kazi. Mama, umeiona. Mwambie azime, namba saba iwashe. Hotuba yako tutaisikia baadaye. Mtoto wa wiki tatu hangoji hotuba.

Na kama haiwezekani, Chelangat, wewe uliyekaa hapo nyuma, Mzee Ndegwa anaomba kiti kwenu.

Mungu akuongezee nyumba, mama, na kila nyumba aitie watu wanaoonana.

Ni sisi,
Wapangaji wa Laini ya Chini,
Rhonda, Nakuru. Oktoba 2008.