Mama Mkwe Yuko Juu, Ngazi Iko Kwenye Kompyuta

Kijiwe chetu kiko chini ya roshani ya mama mkwe wa Rula, mchoraji ramani. Mama ndiye anayetuchemshia kahawa, na tangu jana birika linashuka kwa ndoo na kamba, maana ngazi hakuna. Rula aliing'oa ile ya mbao iliyooza ili leo afunge ya chuma, ya kuzunguka, aliyoichora mwenyewe kwenye kompyuta. Wa kuikata ni Cheche, mchomeleaji, na asubuhi hii mashine yake imeukataa mchoro. Na leo hii mama anatakiwa hospitali kupasuliwa jicho, miadi aliyoisubiri mwaka mzima. Kwa goti lake lile bovu, kumteremsha kwa ngazi ya kuegemeza ni kumuua. Mimi fundi viatu nilikuwa nashona huku nachemka.

— Mashine inasema mchoro umetoka kwenye toleo jipya, yenyewe haijui kuusoma, Cheche akasema. — Rula, umeufanyaje?

— Niliweka programu mpya juzi. Ile ya zamani nikaifuta.

— Ukaifuta! nikadakia. — Ilikukosea nini?

— Zisije zikagombana ndani ya kompyuta moja.

Wembe, kinyozi wetu, akatikisa kichwa kama msomi.

— Hapo kafanya la maana. Wake wenza hawalali chumba kimoja.

— Halafu nikafungua michoro yangu yote, mmoja mmoja, nikaisevu upya kwa hiyo programu mpya. Ili isibaki nyuma.

Jamani! Mtu mzima na ndevu zake, anaihurumia michoro isibaki nyuma!

— Si uusevu kizamani basi? Cheche akauliza.

— Vitufe vyote wamevihamisha. Nimetafuta mpaka macho yamenitoka.

— Wamevificha makusudi, Wembe akasema. — Mficha uchi hazai.

— Hiyo methali imeingiaje hapa? nikamuuliza.

— Kwani wewe umeona kompyuta imezaa ngazi?

Cheche akaweka kikombe chini.

— Mimi naona tatizo ni hesabu. Toleo jipya linahesabu vipandio kutoka juu kwenda chini. Mashine yangu inakata kutoka chini kwenda juu. Zinapishana katikati.

— Basi zitasalimiana. Milima haikutani, binadamu hukutana.

— Wembe, nyamaza!

— Sinyamazi. Nyie hamzijui hizi programu mpya. Zinamsoma mtu moyoni. Hii imeona mkwe anaishi juu, ikajua mwenye kompyuta angependa abaki huko huko.

— We! Rula akaruka, macho kwenye roshani. — Atasikia!

— Nimesikia, ikatoka sauti juu. — Endeleeni.

Mimi uvumilivu ukanishinda.

— Cheche, kata kwa mkono, basi!

— Kila kipandio kina pembe yake, na pembe zote zimo humo kwenye mchoro.

— Subira yavuta heri, Wembe akasema, akijimiminia kikombe kingine.

— Subira ya jicho la mwenzio hiyo! nikafoka.

Hapo akaja mama mmoja na mkoba begani, mdogo wake mama mkwe, amekuja kumpeleka hospitali. Akatazama pale ilipokuwa ngazi, akatazama juu, akaona ukuta na matundu ya misumari. Rula akaanza kumweleza: toleo, vitufe, mashine. Mama mdogo akamsikiliza mpaka mwisho bila hata kukunja uso.

— Sawa, mwanangu. Ila kitu kimoja sijaelewa. Kwa nini mliondoa ya zamani kabla ya kuiona mpya ikifanya kazi?

Cheche akainamia viatu vyake. Wembe, ambaye sijawahi kumwona akikosa methali, akajimiminia kikombe kingine tena. Nilimhurumia Rula, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi.

Mama mkwe akatokeza roshanini. Keshavaa, kitambaa kichwani, viatu mkononi.

— Mjibuni mdogo wangu, akasema. — Hata mimi nasubiri.